Kura za maoni zilivyopita katikati ya ukoo wetu

Ile khanga bado ninayo, ipo chini kabisa ya sanduku, sijawahi kuivaa hata siku moja na wala sijawahi kumpa mtu. Niliipokea usiku, 2020, wiki ya kura za maoni za udiwani, zile za ndani ya chama tawala CCM za kumpata mgombea wake, aliyeileta ni binamu yangu, imekunjwa vizuri na ndani yake kuna noti mbili za elfu kumi kumi, akaniambia dada hii ni salamu tu kutoka kwa baba. Baba yake ni mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja, na yeye alikuwa anagombea na mimi nilikuwa mjumbe wa kupiga kura. Kesho yake asubuhi kabla hata sijamaliza kufagia uwanja akaja mama mmoja wa kambi ya pili na kilo mbili za sukari na elfu kumi na tano, na yeye akasema ni salamu. Nikapokea zote mbili. Naandika hivi nikijua wapo watu wa kwetu watasoma na wengine watanipigia simu, wapige tu.

Kata yetu ipo upande wa Chamwino, ukitoka Dodoma mjini unashika barabara ya Dar, ukifika Chamwino unauliza tena. Jina lake sitalitaja maana hawa ninaowaongelea wapo hai na nawapenda wote. Mmoja ndo huyo mjomba. Mwingine ni mwalimu aliyenishika mkono darasa la kwanza mpaka nikajua kuandika jina langu. Wamegombea udiwani ndani ya chama kimoja mara mbili, 2020 na 2025, na hiyo miaka mitano ya katikati ndo inanifanya nikae hapa usiku huu niandike.

Watu wa mbali wakisikia ugomvi wa uchaguzi wanafikiria chama hiki na chama kile. Huku kwetu ugomvi mkubwa unakuwa umeshaisha kabla hata kampeni hazijaanza, maana kwenye kata nyingi za mkoa huu ukishapita kura za maoni za CCM wewe ni diwani, kilichobaki ni kusubiri siku ya kuapishwa. Sasa vita yote inahamia huko ndani, na huko ndani hakuna sera ya kubishania kwa sababu wote mna ilani moja na kadi moja na rangi moja, hivo kinachobaki kushambuliwa ni mtu. Ametoka wapi, kaoa wapi, watoto wake wanafanya nini, nani alimuona wapi saa ngapi. Hilo ndo linaloniuma zaidi ya hela.

Kwa asiyejua inavyoenda, unatia nia, unachukua fomu (2025 udiwani ilikuwa shilingi 50,000 na ubunge 500,000), jina lako linapanda vikaoni, likirudi linapigiwa kura na wajumbe, alafu matokeo nayo yanapanda tena vikaoni. Kila hatua hapo ina mlango wake wa fitina. 2010 na 2015 mwanachama yeyote mwenye kadi alikuwa anapiga kura ya maoni, fujo ilikuwa kubwa lakini angalau kununua kata nzima ni gharama. 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu tu, kwa udiwani ule wa kata, na kura zikahesabiwa mbele ya watu, mtu alikula pilau la mtia nia siku tatu na kura hakumpa, ndo ukazaliwa ule msemo uliozunguka nchi nzima kwamba wajumbe si watu. Watu walicheka sana. Mi nilikuwa mjumbe na sikucheka, kwa sababu najua tulivyofanywa. Mjumbe anafuatwa usiku, anapigiwa simu na namba asiyoijua, anaambiwa tunajua mwanao anasoma wapi tutamsaidia ada, na ukikataa salamu unahesabiwa wewe ni wa kule. Ukipokea ya mmoja tu, ni wa kule. Ndo mana wengi wetu tulikuwa tunapokea kote, sio kwamba tulikuwa na njaa kiasi hicho, tulikuwa tunaogopa kuwekewa alama.

Na sheria ipo, sio kwamba haipo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yani ukarimu wa kimila kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi, alafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Hayo yote nimeyasoma baadae. Usiku ule wa khanga nilichokuwa najua ni kwamba Mgogo hakatai salamu ya mjomba wake.

Sasa nimuelezee Mwalimu. Alikuja kijijini 1988 akitokea Singida, msichana mdogo tu ametoka chuo, akapangiwa shule yetu ikiwa na madarasa matatu na mengine watoto wanakaa chini ya mbuyu. Akaolewa hapahapa, mumewe akafa hapahapa tukamzika hapahapa, watoto wake wanaongea Kigogo kuliko mimi. Alipostaafu akawa katibu wa jumuiya ya watumia maji, na hapo ndo aliponifanya nimheshimu upya, maana kabla yake kila mwaka pampu ikiharibika tulikuwa tunachangishana nyumba kwa nyumba na nusu ya hela inapotea njiani. Yeye alianzisha daftari. Kila ndoo inaandikwa, kila jioni hela inahesabiwa mbele ya akina mama watatu, inawekwa benki mjini, na nyuma ya daftari kaandika kina cha kisima, aina ya pampu, namba za fundi, tarehe kila kifaa kilipobadilishwa. Pampu ilikuwa ikifa Jumatatu, Alhamisi maji yanatoka.

Alipotia nia 2020, neno la kwanza lililotembea vijiweni lilikuwa mwanamke aende viti maalumu, vile vya wanawake. La pili likawa wa kuja. Yani miaka thelathini na mbili, kafundisha nusu ya kijiji kusoma, na hao waliokuwa wanaandika hayo maneno kwenye grupu la WhatsApp la kata wamefundishwa kuandika na yeye mwenyewe! Nilikuwa nayasoma mwili unanitetemeka. Na yalitoka kwenye kambi ya mjomba wangu, sitaki kuficha, japo mjomba mwenyewe sijawahi kumsikia kayatamka. Alikuwa ananyamaza tu. Na mkubwa akinyamaza vijana wake wanajua maana yake.

Hili la mzawa na wa kuja limekua sana Dodoma tangu serikali ihamie, kuanzia 2016 ardhi imepanda bei, watu wamekuja kutoka kila mkoa, wenyeji wengi wameuza mashamba kwa bei ya hasara na sasa wanapishana na magari ya watu kwenye njia walizokuwa wanapitisha mbuzi. Naelewa uchungu wake kabisa, babu yangu mdogo aliuza heka nne na leo hana hata pa kulima uwele. Lakini uchungu ule wa ardhi ukachukuliwa ukaenda kutupiwa mama mjane ambaye hajanunua hata heka moja. Na isitoshe nani mzawa pale? Bibi yangu alikuwa anatusimulia Operesheni Dodoma, 1971, walivyoambiwa wahame waende kijiji cha ujamaa, wakaacha tembe zao na makaburi ya wazee wao, bibi akatembea na kibuyu cha mbegu kichwani na mama yangu mgongoni, mjomba hata hajazaliwa. Walipofika hapo tunapopaita kwetu hapakuwa na kitu, miiba tu na korongo. Kijiji kizima ni watu wa kuja, tofauti ni miaka kumi na saba. Siku moja nilimwambia mjomba hivo hivo, nikiwa nampakulia mlenda, akaniangalia muda mrefu akasema mwanangu siasa haina bibi. Mpaka leo sijui alimaanisha nini lakini alikula akanyamaza na hakuniambia nimekosea.

Siku ya kura tulikaa kwenye darasa, lile lile la Mwalimu, ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Watia nia walikuwa watano ila wote tunajua ni wawili. Kila mmoja akapewa dakika chache za kujieleza, mjomba akaongea barabara na zahanati, Mwalimu akaongea maji na choo cha wasichana shuleni, na hapo katikati mjumbe mmoja kijana akapiga kelele aongee na Kinyaturu, lugha ya kwao Singida, tumsikie, watu wakacheka. Mwalimu akasimama pale na karatasi yake mkononi. Akasubiri wamalize kucheka kama alivyokuwa anasubiri sisi tukiwa wadogo, alafu akaendelea na sentensi ileile alipoishia. Nilimpigia kura yeye. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu, leo nasema. Mjomba alishinda kwa tofauti isiyofika kura kumi.

Baada ya matokeo msimamizi akasema sasa tuvunje makundi, sisi ni wamoja, akawaita mbele wakakumbatiana na picha ikapigwa ikatupwa kwenye grupu na makofi mengi. Nimeona hiyo picha ikipigwa kila uchaguzi, kwa wakubwa na wadogo. 2015 hapahapa Dodoma wajumbe waliimba ukumbini wana imani na Lowassa baada ya jina lake kukatwa, na wiki chache baadae yeye mwenyewe alikuwa mgombea urais wa upande mwingine. Huko juu mtu akikasirika anahama chama. Huku kata mtu akikasirika anahama wapi? Anakutana na mwenzake kisimani.

Kisimani kweli. Watu wengi hata hawajui diwani anafanya nini, na watia nia wanatumia hiyo nafasi kuahidi visima wakati maji ya vijijini tangu sheria ya 2019 yapo chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na jumuiya za watumia maji wenyewe, diwani kazi yake ni kusukuma na kufuatilia, kusimama kwenye baraza la madiwani aseme kata yangu imesahaulika, na kuongoza vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata maana yeye ndo mwenyekiti wake kisheria. Ukiniuliza mi nitakwambia hicho kiti cha kamati ndo udiwani wenyewe, sio gari wala posho, posho yenyewe ilikaa 350,000 kwa mwezi kwa miaka mingi na nusu yake ilikuwa inaishia kwenye misiba na harusi za watu. Mtu anayekiongoza vizuri kata inatembea. Mwenye kinyongo anaweza kuisimamisha bila hata kuvunja sheria yoyote, anachelewesha tu kikao, anasahau tu kualika.

Haikupita miezi minne maneno yakaanza kwamba katibu wa maji anakula hela. Hakuna aliyeleta karatasi. Ukaitishwa mkutano siku ambayo kila mtu anajua Mwalimu yuko Singida kwenye msiba wa dada yake, wakachagua katibu mwingine, kijana wa kambi. Mwalimu aliporudi hakugomba, alikabidhi hela zote mpaka shilingi ya mwisho mbele ya mashahidi, ila daftari hakukabidhi, na hakuna aliyelidai kwa sababu hakuna aliyejua lina nini.

2022 mwezi wa kumi, kiangazi kile ambacho mvua ilichelewa, pampu ikafa. Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana ndo kiini cha kila kitu. Ilikaa wiki sita. Wiki sita tulirudi kwenye korongo kuchimba mchanga kama enzi za bibi, unachimba mpaka kiunoni, unasubiri maji yajikusanye, unachota na kikombe, saa tisa usiku ili uwahi kabla ya ng'ombe. Binti yangu alikuwa darasa la sita na alikosa shule siku nyingi tu. Fundi wa zamani namba yake hakuna mwenye nayo, katibu mpya akaleta fundi kutoka mjini akashusha pampu isiyoendana na kina, ikaungua siku ya pili. Na muda wote huo kuna mama anakaa mita mia tatu kutoka kisimani, kila kitu anacho ndani kwenye kabati, na hakuna wa kambi ya ushindi aliyeweza kwenda kupiga hodi, na yeye hakuweza kutoka akasema ninacho. Nilimfuata. Nikamwambia Mwalimu shikamoo, watoto wanateseka. Akaniambia marahaba mwanangu, waliniita mwizi mbele ya wajukuu zangu. Akalia. Sikuwa na la kusema, na mimi ni damu ya yule aliyenyamaza.

Hapo ndo nilipokosana na maneno ya vunjeni makundi. Kundi lilikuwa limeshaingia kwenye bomba. Lilikuwa limeingia msibani, mwaka uliofuata alifariki mzee mmoja jirani na nikaona kwa macho yangu madaftari mawili ya rambirambi, moja linashikwa na watu wa huku na lingine na wa kule, mioto miwili, jamvi mbili, watu waliokuwa wanakula sahani moja. Likaingia kwenye mikopo ya vikundi, ile ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kikundi cha akina mama tisa wa kufuga kuku tulichokuwa nacho kikavunjika kwa sababu watano walikuwa wa mjomba na wanne wa Mwalimu na hakuna aliyekubali kumdhamini mwenzie, alafu 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima na iliporudi 2024 sisi hatukuwa hata na kikundi cha kuombea.

Mwaka 2025 nilidhani wamechoka. Mabaraza ya madiwani yalipovunjwa Juni mjomba akachukua fomu, Mwalimu naye na miaka yake yote ile akachukua, na wote wawili walikuwa wanasema kitu kimoja, kwamba hawezi kumuachia yule. Mjomba ana mfano wake anaoupenda, wa Mzee Malecela, Waziri Mkuu wa zamani, aliyeangushwa na Lusinde kura za maoni za Mtera 2010, anasema kama mzee yule aliangushwa basi hakuna kiti cha mtu. Nilimwambia kumbe unajua. Wajumbe safari hii waliongezwa, na siku tisa tu kabla ya kura mkutano mkuu wa chama taifa ulikutana kwa mtandao Julai 26 kubadili katiba ili majina yanayorudi yaweze kuzidi matatu, huku chini sisi tukawa tunasubiri kila siku na simu mkononi nani karudi nani kakatwa. Akarudi mjomba, akarudi Mwalimu, akarudi na kijana mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Chamwino, kijijini tunamuona sikukuu kwa sikukuu.

Agosti 4 tukapiga kura. Sikupokea salamu ya mtu safari hii, nililala kwa dada yangu siku nne. Kambi ya mjomba ilihangaika na Mwalimu, kambi ya Mwalimu ilihangaika na mjomba, wakarushiana yote ya zamani na mapya, uraia, ushirikina, mpaka kaburi la marehemu mumewe likatajwa, na yule kijana akapita katikati yao kimya kimya akawaacha mbali. Sina ubaya na yeye, huenda akafanya kazi vizuri. Ila aliulizwa kuhusu maji akasema atachimba visima vitatu, na hakuna mjumbe aliyemuuliza kwa fungu gani. Tulikuwa tumechoka kuulizana.

Siku mbili baadae, Jumatano Agosti 6, ikaja taarifa kwamba Ndugai amefariki. Mkoa wote ulisimama. Mtu amekuwa mbunge wa Kongwa tangu 2000, kawa Spika, Jumatatu ameshinda kura za maoni na Jumatano hayupo. Mjomba alikuwa amekaa nje tangu juzi yake haongei na mtu, simu imezimwa, mi ndo nilimpelekea habari pamoja na uji. Akashika kikombe hakunywa.

Jioni nikasikia mtu anaita mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, kwenye ua. Ni Mwalimu. Miaka mitano hajakanyaga pale. Mjomba akasimama, akamvutia kigoda yeye mwenyewe, wakakaa. Waliongelea Ndugai tu, alivyokuwa na sauti yake bungeni, siku alipokuja huku upande wetu, nani atazika, Kongwa patajaa vipi. Hakuna aliyetaja kura. Mi nikawa napika chai taratibu ili wasiondoke. Alipokuwa anaaga, amesimama tayari, Mwalimu akauliza pampu inasemaje, maana ilikuwa imekufa tena tangu Jumapili na kwenye zile kampeni hakuna aliyekumbuka. Mjomba akasema fundi haeleweki. Mwalimu akajifunga khanga yake vizuri kiunoni akasema daftari ninalo, mtume mtoto kesho.

Binamu yangu, yule yule wa khanga, alienda asubuhi akarudi nalo limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Namba ya fundi bado inapatikana, ila yuko Nzuguni kwenye maonesho ya Nanenane, amesema atakuja Jumatatu.